Vijidudu Vilivyoishinda Taa Yangu

Jumanne, alasiri. Jua kali, shingo inaniwasha, nami nimefura kwa hasira.

Majibu ya vipimo vya maji yangu yamerudi. Mimi hapa Chaani nauza maji ya kisima, nayachuja kisha nayapitisha kwenye taa ya mionzi inayoua vijidudu. Hiyo ndiyo sifa yangu mtaani. Leo afisa wa afya amekuja kuniambia, kwa upole, kwamba vijidudu vimo, tena vi hai.

Nikabisha. Nikamwonyesha taa inavyowaka. Akachomoa kioo kinachoifunika, akapitisha kidole: utelezi mtupu. Kumbe vimejijengea utando humo humo, vya juu vinavikinga vya chini, mionzi haivifikii. Na mimi siku zote napangusa mashine kwa nje, ing'ae wateja waione.

Hilo ningelivumilia. La pili ndilo lililonimaliza.

Alisema vinavyopigwa na mionzi havifi vyote. Vingine hujeruhiwa tu, na vikipata mwanga wa kawaida hujitengeneza vikapona. Akatazama nje. Chupa zangu zilikuwa zimepangwa barazani kwenye mwanga, kama kila siku, watu waone maji yalivyo maangavu.

Kumbe nilikuwa naviuguza!

Nimeudhika na mashine, na aliyeniuzia, na huyo afisa na upole wake. Zaidi na nafsi yangu. Jirani yangu Mama Kadzo alikuwa akiyachemsha maji haya kabla ya kumpa mwanawe wa miezi minane. Nilimcheka. Nilimwambia anamaliza makaa bure, naye akaacha.

Nimekwenda kwake kabla sijaingiwa na woga. Nilimkuta akianua nguo, nikamweleza yote, nikamwomba arudie kuchemsha. Alimtazama mtoto anayetambaa mkekani.

"Wiki jana aliharisha siku tatu," akasema. "Nikakuuliza, dada, au ni maji? Ukaniambia, meno hayo."

Nilisema hivyo. Nakumbuka hata nilikuwa nacheka.

Mtoto mzima sasa, Mungu ashukuriwe, na huenda kweli yalikuwa meno. Sitajua kamwe, na hilo linanikereketa kuliko majibu ya maabara.

Duka nimelifunga. Nawajua wateja wengine wenye watoto wadogo, nyumba kwa nyumba, na sasa hivi natoka kwenda kuwaambia.

Wangapi niliwaambia ni meno?