Disketi Juu ya Mafiga

Shambani,
S.L.P. 23,
Oldeani, Arusha.
14 Agosti 1988

Mpendwa Kaka Wilibrodi,

Shikamoo kaka. Vipi hali yako na joto la huko Mtwara? Wifi Katarina, ule mguu umepona? Na Piusi ameanza shule? Sisi huku mwili mzima. Baridi ya mwaka huu imetukomesha, lakini tunakohoa na kuendelea, na Mama hajambo. Moyo wangu ndio mgonjwa. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana, leo sichani tena.

Kaka, kazi imekwisha. Unakumbuka nilivyokuandikia kwa majivuno kwamba ofisi ya shamba imeletewa kompyuta, na mimi ndiye niliyepelekwa Arusha kujifunza kuitumia? Humo ndimo tulimoweka habari zote za maharage ya mbegu. Gunia lina namba tu. Kompyuta ndiyo iliyojua namba hiyo ni mbegu gani, imetokana na ipi, ilipandwa wapi, iliugua au haikuugua. Miaka ya watu kuchambua punje kwa mkono ilikuwa humo. Karatasi za zamani, meneja wetu Bwana Boazi alisema hazina kazi tena, zikaenda dukani kufungia chumvi na karanga.

Mwezi uliopita jenereta likakohoa, umeme ukaja kwa kishindo, kompyuta ikanuka kuungua na kunyamaza. Fundi wa Arusha aliifungua akatikisa kichwa. Sehemu ya ndani inayotunza kumbukumbu imekufa. Mimi, kweli tena, sikuogopa hata kidogo, kwa sababu nakala tulikuwa nazo.

Tulifundishwa kwamba nakala isilale nyumba moja na kompyuta, maana ofisi ikishika moto vyote vitateketea. Basi kila mwisho wa mwezi nilinakili kila kitu kwenye disketi, vile vibamba vyeusi vyembamba vya plastiki, nikazipeleka nyumbani Karatu. Nilimwambia Mama hizi ndizo roho ya shamba, ziweke pale unapoweka kitu usichotaka kiharibike. Akazipokea kwa mikono miwili. Sikumuuliza ataziweka wapi. Wala hatukujaribu hata moja kuona kama bado inasomeka.

Kaka, wewe umekulia nyumba ile. Mama huweka wapi kitu asichotaka kiharibike? Darini jikoni, juu ya mafiga, pamoja na mahindi ya mbegu, ili moshi ufukuze wadudu! Jamani, moto tulioukimbia ofisini tukaufuata jikoni.

Tulizifuata na Bwana Boazi kwa Landrova. Mama alipanda ngazi mwenyewe, akazishusha, akazipangusa masizi kwa kanga yake. Zilikuwa zimepinda na kunatana. Akatuonyesha kwa furaha.

"Angalieni, hakuna mdudu hata mmoja aliyezigusa."

Nilitaka kupiga kelele. Kwa dakika moja nilimchukia mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Halafu akaeleza kwamba hata Pasaka hakwenda Mbulu kwa mama mdogo Evarista, kwa kuwa angeondoka moto ungezimika na vitu vya ofisi vingeingiliwa na wadudu. Hasira yote ikaniishia hapo, nikabaki na machozi tu, nikasingizia moshi. Bwana Boazi alivua kofia.

"Asante sana mama, umetunza."

Tukarudi nazo Oldeani.

Fundi alijaribu moja baada ya nyingine, hakuna iliyofunguka. Wanunuzi wa Ulaya hawachukui mbegu isiyojulikana ukoo wake. Magunia yote yale yatauzwa kama maharage ya kupika, na upande wa mbegu unafungwa. Akina mama waliotoka Singida, wale wachambuaji, wameambiwa wafunge mizigo. Rafiki yangu Scholastika aliuliza mbele ya watu kama kompyuta haiwezi kuombewa. Tukacheka wote, halafu yeye akaangua kilio. Na mimi nimeambiwa nimalize mwezi huu. Sioni njia, kaka. Kuanza upya ni kurudia miaka ile ile, na hakuna anayetaka kusubiri. Usiku nalala macho yakiwa wazi.

Mama hajui. Nilimwambia disketi zimefanya kazi na shamba limepona. Sasa anakwenda kanisani kifua mbele. Watu wa shamba hushuka mnadani Karatu, wana midomo, na siku yoyote atasikia. Naiogopa siku hiyo kuliko kukosa kazi. Nakuomba sana, akikuandikishia barua kwamba nyumba yetu ndiyo iliyookoa shamba, mpongeze. Mpongeze kwa maneno mengi. Mimi nimeshindwa hata kumtazama usoni.

Msalimie wifi Katarina na umbusu Piusi kwa niaba ya shangazi yake. Mama mdogo Evarista anawasalimu, ingawa bado ana kinyongo cha Pasaka. Mama naye anawasalimu sana. Ameniagiza nikuambie kwamba kama huko una kitu cha thamani na hujui pa kukiweka, ukilete. Darini nafasi ipo, na moto hajauzima.

Mungu awalaze salama na kuwaamsha salama.

Mdogo wako akupendaye,
Petronila