Beseni la Maji pale Mawe

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumebeba tena leo kwa kipoyi, machela yetu ya mianzi. Mtu wa malaria, mnene, na kila tulipopumzika aliomba radhi kwa unene wake. Mvua haikunyesha, tushukuru. Bega la kulia limevimba. Dada yangu Koleta amenikanda kwa maji ya moto huku akinisema: mzee wa miaka hamsini na nane anabeba kipoyi kama kijana anayetafuta mchumba.

Njia ni ile ile. Kutoka kwetu mlimani, unapanda mwinuko mfupi, unapita Mawe, unashuka mpaka barabara ya Kashojwa, iendayo kituo cha afya. Pale Mawe njia imelala ubavu: huku mwinuko, huku korongo. Wabebaji wafupi tunawaweka upande wa juu, warefu upande wa chini, ili machela ikae sawa. Ujuzi huo tulikuja nao kutoka Burundi tulipokimbilia huku. Mimi nabeba mbele, kwa sababu najua kila jiwe.

Binti yangu Ines amekaribia siku zake. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa ndani ya kipoyi, pale pale Mawe, kwenye mvua. Mtoto hakulia kamwe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Padri ametuita. Kuna mfadhili atakayewanunulia wabebaji pikipiki ya matairi manne, ile inayopita porini. Tuchague wenyewe, kwa kuwa njia tunaijua sisi. Wote walipiga makofi. Mimi nilipiga kidogo.

Naogopa. Mwaka jana bodaboda ilimwaga mgonjwa pale Mawe, akaenda kituo cha afya na ugonjwa na mguu uliovunjika. Mtu akiteleza, wenzake watatu wanashika. Injini ikiteleza, nani anashika? Na atakayepanda wa kwanza huenda akawa Ines.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mbarara. Nimerudi na vumbi mpaka masikioni.

Tulikwenda watatu. Mimi. Dionizi, mbebaji mwenzangu aliyewahi kuendesha pikipiki Bujumbura. Na mweka hazina wetu Mama Furaha, Mkongomani anayeuza dagaa Kashojwa. Muuzaji yuko Ruti, pembeni mwa mji, nyuma ya gereji. Alikuwa na mbili. Moja nyekundu, ndefu, tumbo liko juu kabisa. Nyingine imechujuka rangi, fupi, pana, matairi yamekaa mbalimbali. Ilikuwa ya shamba la ng'ombe na bado ilinuka.

Mimi nilitaka nyekundu. Tumbo likiwa juu, mawe hayaligusi. Muuzaji akaniunga mkono haraka: "Mzee, hii kwa mlima hapana shida. Inapanda kama mbuzi."

Mama Furaha akatikisa kichwa. "Baba Ines, ile iko juu mingi. Itamwanga mutu. Tutwae hii ya chini, hata kama iko mubaya."

Nilikasirika. Nikamwambia samaki hawapandi mlima. Akanijibu kwamba hawaanguki pia. Dionizi alicheka, nikamkasirikia naye.

Basi nikasema tupime kwa maji. Kwetu mbebaji mpya hapewi mgonjwa. Anapewa beseni lililojaa juu ya kipoyi, apite nalo Mawe. Likimwagika anarudi kulima. Nilikuwa na hakika na ile nyekundu. Mama wa mgahawa jirani akatuazima beseni, tukalifunga nyuma ya kiti, Dionizi akapita na kila pikipiki ubavuni mwa mtaro. Ile ndefu iliinama kama mlevi anayesalimia. Maji yote mgongoni mwa Dionizi. Ile pana ikapita, ikakwaruza tumbo mara moja, ikamwaga kidogo tu.

Muuzaji alisema hajawahi kuona watu wananunua gari kwa beseni. Tumechukua ile pana. Muuzaji atapigilia bati nene chini ya tumbo la mashine.

Njia nzima ya kurudi Mama Furaha alitabasamu akitazama nje. Angesema ingekuwa afadhali.

Jumanne, 14 Oktoba

Imefika. Koleta anasema ni chura. Watoto wamelidaka jina hilo, sasa ni Chura mpaka kiama.

Tumefunga nyuma kiti cha kuegemea, cha mianzi ya kipoyi cha zamani. Dionizi amepita Mawe na gunia la maharage kitini, kwenda na kurudi. Gunia halikucheza. Kisha beseni. Sawa. Nimefurahi na sikuficha.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Miguu ya Ines imevimba. Mume wake yuko Kampala, kazi za ujenzi, anapiga simu kila saa kana kwamba simu inapunguza uvimbe.

Nimemkataza Dionizi urwarwa, pombe yetu ya ndizi, mpaka Ines ajifungue. Ameniuliza kama na maji pia ni marufuku. Koleta ameshafunga furushi: sufuria, unga, makaa, kanga, blanketi. Nimeikagua Chura mara nyingi mno leo. Matairi ni yale yale, najua.

Jumapili, 19 Oktoba

Naandikia kwenye benchi la kituo cha afya. Ines yuko ndani na Koleta. Niandike, maana nikikaa bure nitaenda kugonga mlango.

Uchungu ulimshika tukitoka misa. Manyunyu, udongo umeshaloa. Tukamketisha Ines, Dionizi akawasha. Wabebaji wote wakatoka na sisi kwa miguu, hakuna aliyewaita. Ni mazoea: mgonjwa haondoki bila watu.

Hapo ndipo tulipokosea. Kwetu mgonjwa hasindikizwi na mashine, anasindikizwa na ndugu. Koleta akapanda nyuma ya Ines, akashika chuma cha mizigo, na furushi lake mgongoni. Hakuna aliyemzuia. Mimi mwenyewe nilimpa mkono apande. Tulipima gunia, tukapima maji. Kupima shangazi hatukukumbuka.

Mwinuko wa kabla ya Mawe, Chura ikainua miguu ya mbele. Taratibu, kama ng'ombe anayeamka. Dionizi akalala juu ya usukani, haikusaidia. Ikaanza kurudi nyuma kuelekea korongo. Ines hakupiga kelele. Aliniita tu. Wabebaji walikuwa nyuma, wakaweka mabega kwenye chuma kama wanavyoweka kwenye mti wa kipoyi, ikasimama. Matairi ya mbele yakarudi chini.

Nikasukuma jiwe nyuma ya tairi kwa mguu.

Koleta akashuka na furushi lake, akalia, akasema yeye hamwachi mtoto wa kaka yake. Nikamwambia atembee pembeni amshike mkono. Lakini mbele bado kulikuwa kwepesi, na Mawe yenyewe hatujayafikia. Ilitakiwa kilo mbele. Wabebaji wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. Kati ya wabebaji wote mwenye tumbo ni mimi.

Nikakaa kwenye chuma cha mbele. Ningekaa nikitazama njia, miguu ingeingia kwenye matairi, kwa hiyo nilikaa kinyumenyume, nimekunja magoti, nimejiegemeza upande ili Dionizi aone njia. Wafupi upande wa juu, warefu upande wa chini. Tukaingia Mawe.

Miaka yote nimebeba mbele. Mbebaji wa mbele anampa mgonjwa mgongo. Anajua njia, uso wa mgonjwa haujui. Siku ile ya mtoto wa kwanza nilikuwa mbele pia. Nilisikia kimya nyuma yangu na nikaendelea kuhesabu mawe.

Leo mawe sikuyaona. Nilimwona Ines juu ya bega la Dionizi, mvua usoni, meno ameyauma. Kila uchungu ulipokuja niliuona unakuja. Nilimwambia pumua. Akapumua. Alinitazama mpaka tukafika barabarani.

Jumatatu, 20 Oktoba

Msichana. Analia sana. Walio wodi moja naye wamelalamika. Walalamike.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mama Furaha amekuja na dagaa wa mzazi. Amemshika mtoto, amenitazama, ameanza kucheka. Nikamwambia mapema kwamba alisema kweli kule Ruti. "Nilikuwa nangojea tu, Baba Ines," akasema.

Kikao cha wabebaji baadaye. Dionizi alitaka tufunge mfuko wa mchanga mbele. Wengi wamekubali, mfuko hauchoki. Mimi nimesema ndugu akae mbele, atazame nyuma, amwone mgonjwa. Wameona ni mambo ya kizee. Sikubishana.

Jumapili, 2 Novemba

Baada ya misa nimepalilia maharage kidogo. Mungu atanisamehe, magugu hayajui Jumapili. Ines yuko kivulini na mtoto. Bega limepoa.

Nikasikia Chura inapanda. Aliyebebwa alikuwa mke wa jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, naye siku zake zimefika. Kutoka shambani Mawe yanaonekana vizuri. Mfuko wa mchanga ulikuwepo, umefungwa vizuri. Na juu ya mfuko amekaa mume wake, kinyumenyume, kofia ameishika mkononi.

Niliegemea jembe mpaka walipopita. Kisha nikaendelea na mstari wangu.