Beki Aliyelala Nje ya Mstari

Jumapili, 12 Mei

Nimeingia nyumbani viatu mkononi. Miguu inawaka moto.

Polisi walitutoa uwanjani, mimi refa mbele na washika vibendera wangu nyuma. Chupa, maganda ya machungwa, matusi ya kila rangi. Mama mmoja mtu mzima kabisa ameniombea nisipate usingizi. Sawa mama, hilo halihitaji dua.

Mechi ilikuwa inaelekea mwisho. Timu ya Kiwanda cha Sabuni walikuwa nyuma kwa goli moja, na walihitaji sare tu wasishuke daraja. Wakafunga! Uwanja ukalipuka. Nageuka — kibendera kiko juu, kimenyooka, hakitetemeki. Nikapuliza: ameotea, hakuna goli. Ikaisha hivyo. Sabuni wameshuka.

Aliyenyanyua kibendera ni shemeji yangu, mdogo wake baba watoto. Tunakaa naye nyumba moja. Chama kinatupanga pamoja kwa sababu hatutoshi. Waamuzi wote wa kanda hii tukipanda basi moja, kondakta ataendelea kuita abiria.

Kwenye chumba cha waamuzi, tulipokuwa tunafunga mabegi, alinipa mkono. "Shem, tumemaliza salama." Nikamwambia pole na kazi. Kuna kitu kinanikera lakini sikijui ni nini, na sina nguvu ya kukitafuta.

Jumatatu, 13 Mei

Kazini, maabara imejaa wagonjwa tangu tufungue. Mzee mmoja alikaa, akakunja mkono wa shati, akanitazama usoni, akaukunjua tena. Wewe si ndiye refa? Ndiye. "Basi damu yangu huipati. Utasema imeotea." Benchi zima likaangua kicheko. Hata mimi nilicheka, kusema kweli. Ikabidi mwenzangu ndiye amtoe damu.

Halafu, nimeinamia hadubini, nikakijua kilichokuwa kinanikera.

Beki! Beki wa kushoto wa timu pinzani. Aliumia, akajiviringisha mpaka nje ya mstari wa goli, akalala kule nyuma ameshika goti. Nilimwona. Nilikuwa namtazama yeye, nawaza kuita daktari, ndiyo maana nilichelewa kugeuka. Na sheria iko wazi: beki akitoka nje bila ruhusa ya refa, anahesabiwa kama yuko juu ya mstari. Hata awe amelala kwenye majani huko anaugulia. Kwa hiyo mbele ya mfungaji kulikuwa na wawili, kipa na yule majeruhi, na wawili ndio sheria inaowataka. Hakuotea.

Lilikuwa goli. Goli halali kabisa!

Shemeji hakumhesabu. Mimi nilimwona, na bado nikapuliza, kwa sababu kibendera kilikuwa juu na mkono wangu umezoea kukitii. Ee Mungu wangu.

Jumanne, 14 Mei

Katibu wa waamuzi amepiga simu. Jumamosi nakaa mbele ya waandishi kueleza ule uamuzi. Ni kanuni mpya, na mimi ndiye wa kwanza kuionja.

Na kanuni hiyo nani aliipigania? Mimi! Nilisimama kwenye semina mwaka jana, kidole juu. Mchezaji akikosa penalti anahojiwa, kocha akifungwa anahojiwa, sisi kwa nini tutokee mlango wa nyuma kama wezi wa kuku? Tukikosea tuseme, watu watatuheshimu. Wenzangu waliguna. Refa mmoja mkongwe akaniambia, dada, siku ukikalia kiti hicho wewe mwenyewe, huo mdomo utautafuta usiuone. Nikamwona amepitwa na wakati. Haya. Mdomo uliponza kichwa.

Katibu alikuwa anacheka kwenye simu. Eti nisiwe na wasiwasi, mchambuzi wa redio ameshasema tuko sahihi, mbele alikuwa kipa peke yake. Picha za video nazo zinaonyesha hivyo hivyo. Kamera ilikuwa moja, na imemkata yule beki. Nenda kathibitishe tu, anasema, urudi nyumbani ukapumzike.

Kwa hiyo wanaotutukana wanatutukana kwa jambo lingine. Wanasema tumehongwa! Habari ya beki hakuna aliyeigusa. Nikinyamaza, imeisha. Nadhani hata beki mwenyewe hajui. Wachezaji na kitabu cha sheria ni kama paka na maji.

Jumatano, 15 Mei

Wagonjwa wengi. Nimechoka. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 16 Mei

Mama mkwe hana habari nyingine mezani. Shemeji ametajwa kwenye kozi ya waamuzi wa daraja la juu! "Mwanangu alisimama kama mlingoti," anasema mama mkwe, "uwanja mzima unamzomea na mkono haukushuka." Baba watoto akainuka, akashika kijiko, akamwiga mdogo wake. Tulicheka wote. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Namwelewa mama. Huyu kijana wake alikuwa anaamka jua la utosini. Kazi anaanza Jumatatu, Alhamisi amegombana na bosi. Mimi ndiye niliyemburuta kwenye mafunzo ya uamuzi, zaidi ili atoke sebuleni kwangu. Akapenda! Siku hizi anakimbia asubuhi, anasalimia majirani. Amekuwa mtu. Kibendera kile kimefanya kazi iliyotushinda sisi wote kwenye ukoo huu.

Tulipobaki wawili nikamwambia baba watoto. Akauliza nani mwingine anajua. Hakuna. "Sasa unamtafutia nini mdogo wangu?" Mimi! Namtafutia! Nikamwambia si yeye, ni mimi niliyepuliza. Basi sema kosa ni lako peke yako, akasema. Nikamwuliza, na kibendera? Kilionekana na uwanja mzima. Siku nikisema lilikuwa goli nimeshamtaja, hata jina lake nisilitamke. Akageukia ukutani.

Nimemkasirikia sana. Na ningekuwa yeye ningesema hayo hayo, ndio ubaya wenyewe.

Ijumaa, 17 Mei

Maabara, kipimo kikinitia shaka nakirudia. Namwita mgonjwa, namwambia samahani, tutoe tena kidogo. Ananung'unika, anatoa, maisha yanaendelea. Uwanjani ukishapuliza umepuliza. Matokeo yameshatiwa saini, hata nikisema mpaka sauti ikauke Sabuni hawapandi tena.

Sabuni wameshaanza kuachisha kazi wachezaji. Mwenye duka ameniambia, huku ananifungia sukari, bila kuniangalia. Kipa wao anapakia magunia sokoni. Nilishika sukari yangu nikaondoka. Chenji niliisahau.

Sasa niseme kwa faida ya nani? Roho yangu itulie, shemeji aharibikiwe, Sabuni wabaki huko huko chini? Huo ni uwajibikaji au ni kujikuna panapowasha? Nilivyokuwa nasimama kule semina mambo yalikuwa mepesi. Mkosaji nilimwona kwa mbali, mtu fulani, hana mama wala kozi.

Lakini wale watu. Waliona goli. Redio inawaambia macho yenu yamewadanganya, na kesho natakiwa niende nikaigongee mhuri. Hawakudanganyika! Hawajui sheria, wanatukana ovyo, wananiombea mabaya, na bado wako sawa. Hilo linanichosha kuliko matusi.

Jioni nikajikaza nimwambie shemeji kwanza. Asije akayasikia ukumbini kama mtu baki. Nikamkuta anapiga brashi viatu, simu imeegemezwa kwenye kikombe, anairudia ile picha. Akaniwahi. "Shem, hii nitawaonyesha wakufunzi wa kozi. Angalia mkono! Angalia ulivyonyooka!" Nikaangalia. Umenyooka kweli. Nikamwambia nenda kalale, kesho tunaamka mapema.

Mwoga mkubwa mimi. Wachezaji ishirini na wawili wananiogopa, mimi namwogopa kijana mwenye brashi ya viatu.

Jumamosi, 18 Mei

Naandikia gotini. Korido ya ofisi za chama, benchi gumu. Ndani wanapanga viti na kujaribu vipaza sauti. Moja mbili, moja mbili. Waandishi wamejaa, nimewaona wakipita. Mmoja alinisalimia kwa heshima kabisa, ndiye aliyeandika kwamba nimenunuliwa.

Shemeji yuko hapa, kando yangu. Hakuitwa. Amekuja kuniunga mkono, na shati amelinyoosha kwa pasi mwenyewe, jambo ambalo mama yake hataliamini. Kanuni inasema anayeongea ni refa wa kati tu, vibendera hawaulizwi. "Nitakaa hata hapa nje, shem," anasema, "usione uko peke yako." Katibu alipopita akampiga bega: kijana wetu! Kisha akaninong'oneza kwamba mkufunzi wa ile kozi yuko ndani, kiti cha mbele.

Nikaona nikingoja tena sitasema kamwe. Nikamwuliza kwa njia yetu ya zamani, kama nilivyokuwa namfanyia majaribio tukiosha vyombo. Beki akitoka nje ya mstari wa goli, hana ruhusa ya refa, anahesabiwa?

Akajibu papo hapo, kifua mbele. "Anahesabiwa, shem. Kama yuko juu ya mstari. Wewe mwenyewe ulinifundisha." Akafurahi kwamba amepata.

Vizuri, nikamwambia. Na yule wa kushoto, aliyekuwa amelala nyuma ya goli Jumapili?

"Yupi?"

Ananitazama, bado tabasamu liko usoni. Sasa halipo. Ametoa simu, anairudia picha, anaisogeza karibu na macho, anaitafuta ile kona ambayo kamera haikuifikia. Nimemwambia nilimwona mimi, kosa ni langu pia, anisikilize. Sidhani kama anasikia.

Katibu amefungua mlango. Anasema haya, mwamuzi, karibu.

Shemeji amesimama kabla yangu, anamwambia katibu kwamba na kibendera ana la kusema.