Reli tano za baba mkwe

Shoga, niko hoi bin taabani.

Ile reli ya treni ya kuchezea ninayomchorea baba mkwe kwenye kompyuta, si nilikuambia inafutika? Nikizungusha kigurudumu cha mausi niikuze, kioo cheupe pe! Nachora upya. Wiki nzima nachora upya!

Leo nikalalamika mbele ya wote. Wifi akaja, akabofya "onyesha yote". Basi.

Shoga, ZILIKUWEPO. Reli zote tano nilizochora! Ndogo kama vifungo vya shati, zimetapakaa huku na huku. Kumbe nilikuwa naisukuma picha nje ya kioo, nadhani imefutika.

Wifi anajiuma midomo asicheke.

Baba mkwe akavaa miwani, akazitazama moja moja. "Mwanangu, reli tano! Na mimi hata treni sijanunua."