Kisra Mia Moja za Mama Yeno

Jumatatu, 3 Februari
Nimeshusha saruji bandarini, nimeoga, nimekula. Leo mwaka mzima tangu tumzike mama yangu, Yeno. Baada ya misa nikasimama nikatangaza: Jumamosi nitapika kisra mia moja, peke yangu, kama yeye alivyokuwa akizipika kila siku ili auze. Wauza magodoro wa mtaa wetu wa Atlabara wakaahidi hapo hapo. Nikifikisha mia nzima kabla ya jua kuzama, wanatoa magodoro kumi kwa wodi ya watoto hospitalini. Watoto wanalala chini pale. Mimi nimeendesha lori Mombasa mpaka Nimule. Mkate mwembamba wa mtama utanishinda nini?

Jumatano, 5 Februari
Umenishinda. Uji unaumwaga kwenye bamba la moto, unautandaza kwa kipande cha jani la mtende, upesi, kabla haujakauka. Nimepika ishirini. Zote matambara. Khaltu Keji, mama mdogo wa mtaa mzima, aliyeuza kisra meza moja na mama, ndiye mwamuzi. Alinitazama wee, kisha akawauliza majirani, "Mtoto wa Yeno anapika au anafua soksi?" Walicheka hadi nami nikacheka. Vidole vimeungua. Naogopa.

Ijumaa, 7 Februari
Nane nzima kati ya kumi. Siri ni mkono mwepesi tu. Nikajiona profesa. Nikaweka ndoo ya uji wa kesho juani uchachuke haraka, nikaenda kwa kinyozi kujisifu. Jua hili la Juba. Kurudi, uji umeumuka, umefika mlangoni, unanuka pombe. Basi. Nilikaa chini na aibu ya kweli, si ya mzaha. Nikaenda kwa Khaltu nimenywea kabisa. Hakunitukana. Akanisukumia ndoo yake, ya biashara yake ya kesho.
"Sikupi wewe. Nampa Yeno."

Jumamosi, 8 Februari
Mia. Mimi. Mia.
Uwanja wa kanisa ulijaa, hata askari wa kambi ya Bilpam walikuja kuona mwanaume akipika kisra. Khaltu aliinua kila moja juani kama anakagua noti bandia. Alikataa kumi na saba, mama yangu wee! Ya mwisho ilichanika mara mbili, na jua limeshagusa mapaa. Nikaacha mizaha. Nikamwaga, nikatandaza, nikaibandua. Khaltu akaiinua. Akaikunja, akaila.
"Hii nimeihesabu," akasema, mdomo umejaa.
Vigelegele. Nilicheza mpaka kiatu kikaruka. Nililia pia. Niliwaambia ni moshi. Si moshi.

Jumatatu, 10 Februari
Tumepeleka magodoro. Sita nimebeba mimi. Mwanamke mmoja akamlaza mwanawe, mtoto akageuka upande, akaendelea kulala. Nesi akafungua daftari, akauliza aandike yametoka kwa nani. Nikamtajia jina la mama, pole pole, asikosee herufi.