Mkono Niliouachia Angani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali nisome hadi mwisho kabla hujanihukumu kama walivyonihukumu wakwe zangu.

Mimi ni mshonaji wa mapazia, mume wangu ni fundi wa friji, mtu wa mizaha asiyeweza kukaa kimya hata msibani, na siku ya kukumbuka ndoa yetu akaniambia mwaka huu hatukati keki, tunaruka na parachuti, mimi ninayeogopa hata ngazi ya kutundikia mapazia, lakini nikakubali kwa ajili yake. Tukapewa kila mmoja mwalimu wake, maana mgeni haruki peke yake, anafungwa kwa mikanda kifuani pa mwalimu, na kufungwa kwenyewe ni humo humo ndegeni mkiwa mnapanda juu. Ndege ndogo, haina viti, tumebanana sakafuni, nimefumba macho nasali kwa sauti, mume wangu ananicheka, akamwambia mwalimu wake amwache yeye kwanza, amsaidie mwenzake kunifunga mimi. "Huyu asije akabadili mawazo," akasema, basi nikafungwa, nikamshika mkono, na hapo hapo injini ikakohoa ikazima.

Ule ukimya sitausahau. Rubani akasema waliokwisha kufungwa waruke, hatuko juu sana, hakuna muda wa kumfunga mwingine, na mwalimu wangu akaniambia niweke mikono kifuani kama tulivyofundishwa, nikauachia mkono wa mume wangu, akanitazama, tukatoka. Nikaning'inia angani nalia huku naiona ndege inashuka naye yumo, ikagonga shamba la mahindi ikapinduka. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, lakini mume wangu alivunjika nyonga, rubani mbavu, na mwalimu wake mkono.

Tangu atoke hospitali hanitazami, nikimletea uji anageukia ukutani, nimeomba msamaha mpaka maneno yameniisha. Jana ndipo aliponiambia, "Ulikuwa umenishika, ukaniacha." Mama yake anasema mke mwema angekufa na mumewe, na Jumamosi anakuja kumchukua akamuuguze kwake, na moyo wangu unaniambia akitoka hapa harudi. Mshauri, kweli nilimwacha?

Niliyeachia Mkono

*

Binti yangu, pole, tena pole sana. Sasa futa machozi nikugombeze kidogo.

Acha kuomba msamaha. Kila ukiomba unamhakikishia kwamba kosa lipo. Ulifungwa kifuani pa mtu kama mtoto kwenye mbeleko, na mtoto haamui mama aelekee wapi. Ungemng'ang'ania mumeo ungemvuta nje bila parachuti, na leo ningekuwa nasoma barua ya mjane.

Mama mkwe mheshimu, mwandalie chai, lakini neno lake liingie sikio hili litokee lile. Alikaribia kumzika mwanawe, na hofu ikikosa pa kwenda humwangukia mkwe. Mumeo naye hakuchukii. Mtu wa mizaha akishaogopa mbele ya mkewe anaona aibu, na kununa ni rahisi kuliko kusema, "Niliogopa."

Lakini wewe nawe umepita juu ya jambo kubwa bila hata kulisalimia. Nani alisema ufungwe kwanza? Yeye. Alidhani anatania, kumbe alikupa nafasi yake. Umemwambia? Hujamwambia, ulikuwa na kazi ya kujilaumu.

Na yule mwalimu wake, aliyekuwa na parachuti mgongoni na mlango uko wazi? Angeweza kuruka peke yake, lakini akabaki na mumeo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nanyi mmekaa mnagombania mkono ilhali wake umevunjika, na katika barua yako sijaona mlipomtembelea. Mwalike kabla ya Jumamosi. Usimwombe akutetee, mwombe tu amweleze mumeo kwa nini anayeruka huambiwa aweke mikono kifuani. Mumeo ni fundi, akielezwa kitu kinavyofanya kazi ataelewa.

Mgeni akiondoka, sogeza kiti upande wa ukutani, huko huko anakogeukia, umwambie, "Ulinitanguliza. Ndiyo maana nilitoka salama." Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie.

Jumamosi akitaka bado kwenda kwa mama yake, usimzuie. Fungasha nguo zake, fungasha na zako, panda gari ukae karibu naye. Safari hii hakuna aliyekufunga kifuani pake. Mshike mkono, na usiuachie.