Mguu wa Mama Katikati ya Bango

Nyumbani kwa mama,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wanangu wanaendeleaje na shule? Waambie shangazi yao anawakumbuka, na meno yaliyong'oka niliyaona kwenye picha, nikacheka peke yangu.

Sisi huku tu wazima. Sukari ya mama imetulia, magongo ameyazoea, na mdomo wake haujapungua hata kidogo. Leo asubuhi amemfokea fundi bomba mpaka mtu wa watu akasahau spana kwenye sinki.

Najua unasubiri habari za kongamano la madaktari, nilikokwenda kwa niaba yako na bango la utafiti wetu. Simu zako nimeziona zote. Sikupokea kwa sababu kwa mdomo ningekutukana, na mama yupo chumba cha pili anasikia kila kitu.

Kwanza nikupe haki yako. Maelekezo yako ya bango yalikuwa sawa kabisa. Kichwa kisomeke na mtu aliyesimama mlangoni. Maneno machache, nafasi nyeupe nyingi, macho yapumzike. Picha moja kubwa katikati. Nisimame ubavuni nisije nikalizuia, nisimsomee mtu kilichoandikwa, nimweleze kwa ufupi halafu ninyamaze aulize. Nilijizoeza mbele ya kioo mpaka mama akawa ananisahihisha kutoka kitandani. Majirani zangu pale ukumbini walikuwa wamejaza maandishi kama gazeti, watu wakawapita. Kwangu walijaa.

Walijaa kwa sababu ya picha.

Rasimu uliyonionyesha ilikuwa na chati katikati, na hiyo ndiyo niliyoikubali. Bango la mwisho ulilituma mwenyewe kwa mchapishaji, nami nikalichukua likiwa limeviringishwa ndani ya bomba lake. Nililifungua palepale ukumbini. Nikapiga pini za juu, likateremka lenyewe, nikarudi nyuma nione kama limenyooka. Ndipo nikauona mguu.

Wewe bwana! Ulidhani sitaujua? Kile kidole cha mwisho kimempanda mwenzake, kama changu, kama chako. Pembeni limebaki hata beseni letu la bluu. Picha hiyo niliipiga mimi, kwa simu yangu, chumbani kwa mama, nikakutumia kwa sababu wewe ndiye daktari wetu. Sikukutumia uitundike. Hata mimi binti yake alikuwa akinionea haya. Nikimsafisha kidonda alikuwa akigeukia ukutani. Sasa umemwanika, ukubwa wa mlango, na watu wanatafuna biskuti mbele yake.

Na chini ukaandika: "Mgonjwa aliyechelewa kufika hospitali kwa uzembe wa familia. Picha imetumika kwa idhini yake."

Uzembe wa familia! Haya, ngoja nikukumbushe, maana huenda masomo yamekujaa kichwani. Begi lilikuwa mlangoni. Teksi ilikuwa inanguruma nje. Mama alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Ukapiga simu ukasema tusimkimbize, kidonda kinaelekea kufunga, tuendelee kusafisha tu, ukija likizo utakiona mwenyewe. Mama akavua kiatu, akasema mwanangu ni daktari, na teksi ikaenda zake. Likizo hukuja. Mguu ukakatwa.

Tangu hapo mama ana uongo mmoja anaomwambia kila mtu, majirani, wauguzi, hata mkeo: kwamba yeye ndiye mwenye kichwa kigumu, aliombwa aende akakataa. Amekufunika ili jina lako lisichafuke. Mimi nilimwachia, mguu ni wake na uongo ni wake. Lakini wewe unaujua ukweli. Ulithubutuje kuchukua uongo aliokufunika nao ukauchapisha kwa rangi, kana kwamba ni matokeo ya utafiti?

Na wale wagonjwa wengine je? Ni mimi afisa ustawi wa jamii niliyezunguka wodini kuwahoji mmoja mmoja, wewe hukuwepo. Wengi waliniambia walimuuliza mtu wanayemwamini, naye akawaambia wasubiri. Majibu hayo nilikutumia. Kwenye bango lako wote wamekuwa wazembe na wasiojua.

Nilitaka kulishusha palepale. Nikajikaza kisabuni, nikajiambia ni kazi yetu sote, na jina langu lipo la pili. Basi akaja jaji wa mabango, daktari mmoja wa makamo, mama mpole, miwani inaning'inia kifuani. Akaitazama ile picha kwa utulivu. Akaniuliza, huyu hasa alichelewa kwa nini?

Jibu ulikuwa umeniandikia pale chini ya picha. Ulimi ukagoma. Nikamwambia hakuchelewa, alikuwa ameshavaa kiatu, ila daktari alimwambia kwa simu asubiri.

"Daktari gani huyo?"

Nikaweka kidole juu ya jina la kwanza kwenye bango.

Sijutii, na sitaki unitafutie sababu ya kujuta. Akauliza na habari ya idhini. Nikasema haipo, mgonjwa ni mama yangu mzazi na hata hajui kwamba mguu wake uko hapa. Bango likashushwa kabla ya chakula cha mchana. Nimeambiwa waandaaji watakiandikia chuo chako, na wamechukua namba ya mama ili wamsikie yeye mwenyewe. Nasikia unaweza hata kusimamishwa masomo. Usidhani naandika hivyo huku nafurahi. Nilikubeba mgongoni wewe.

Jana nilimweleza mama yote. Nilidhani atalia. Kumbe! Aliniwakia mimi. Eti ungemwomba, angekupa picha ya mguu na ya kichwa pia. Eti nina kijicho tangu utotoni kwa sababu wewe ndiye uliyesomeshwa mbali.

Alipotulia akanipa uamuzi wake. Wakimpigia atasema ni yeye aliyekataa kwenda hospitali, wewe ulimsihi sana. Na idhini atasema alikupa. Tangu asubuhi ananiuliza: idhini hutolewa kwa mdomo au kwa karatasi? Husainiwa siku gani, kabla ya kukatwa au baada? Anaogopa asije akajikwaa ukaumbuka. Anajifunza, mdogo wangu. Amekaa kitandani na magongo yake ubavuni, anarudia maneno kimyakimya, midomo tu inacheza.

Simwezi, unamjua. Mimi ukweli wangu nimeshausema, na yeye ataukanusha mbele ya watu wazima kwa ajili yako, na watamwamini, kwa sababu nani atamkatalia mama mwenye mguu mmoja? Kwa hiyo umeshaokoka, ukitaka. Ukikaa kimya tu inatosha. Au wapigie wewe kabla hawajampigia yeye.

Nimalizie hapa. Msalimie wifi yangu, na wanangu uwabusu mmoja mmoja. Shangazi yetu naye anakusalimu, yeye hajui lolote, bado anakutangaza sokoni. Mungu akulinde huko uliko na akupe moyo, maana akili alikwisha kukupa.

Mama anakusalimu sana. Anasema ule vizuri, ulale, na usiogope, yeye yupo.

Ni mimi nikupendaye, hata leo,
Dada yako.